Uchambuzi wa kisa: Binti aliyekuwa akicheka alipoumia

Kisa hiki kinatoka mkoa wa Mtwara. Kijiji, shule na vituo vya afya havitajwi, na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa ili asitambulike mtu. Binti tutamwita Somoe, jina ambalo kusini wanaitwa wengi. Kimeandikwa kwa ajili ya watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya, walimu wa vitengo vya mahitaji maalumu, na walezi.

Historia yake

Somoe ana miaka 16 na uzito wa kilo 34. Alipozaliwa hakulia mpaka baada ya kuhangaikiwa kwa muda mrefu. Ana mtindio wa ubongo wa aina ya kukakamaa. Umeshika viungo vyote vinne, miguu zaidi kuliko mikono, na kulia zaidi kuliko kushoto. Katika madaraja matano yanayotumika kupanga uwezo wa kujongea, yuko la nne: anakaa akiegemezwa, anaweza kukanyaga kidogo akishikwa wakati wa kuhamishwa, na kwa safari anasukumwa kwenye kiti mwendo. Kifafa kilimwanza utotoni. Anatumia fenobabitoni kila usiku na kwa miaka kadhaa hajaanguka.

Akili yake ni nzima. Yuko darasa la sita na hesabu anazifanya kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni. Tatizo ni ulimi: maneno yanatoka mazito, na wanaomwelewa vizuri ni bibi yake na binamu yake wa miaka 11. Kwa wengine hujibu kwa macho. Akitazama juu ni ndiyo, akifumba ni hapana.

Anaishi na bibi mzaa mama, ambaye mpaka leo humbeba mgongoni kutoka kitandani hadi bafuni. Mambo makubwa huamuliwa na mjomba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kusini zinazofuata ukoo wa mama.

Kilichomleta kliniki

Barua ya shule ilisema Somoe "amebadilika tabia". Aligoma kukalishwa kwenye kiti, alimuuma mkono mama mlezi wakati wa kubadilishwa nguo, na mara nyingine aliangua kicheko katikati ya somo. Mahudhurio yalishuka hadi siku moja au mbili kwa wiki. Nyumbani aliamka mara nne hadi tano kila usiku.

Maelezo hayakukosekana. Majirani walisema ni ujana. Mama mdogo aliona mishipa imekaza kwa kukosa kunyooshwa, kwa hiyo kila asubuhi alimpaka mafuta ya nazi na kumtanua mapaja kwa nguvu, akihesabu mpaka 50. Dukani walipewa diazepamu bila cheti, nusu kidonge kila usiku. Ilimlaza, lakini asubuhi aliamka akitokwa na udenda na kupaliwa na uji. Parasetamoli alipewa "akizidiwa", nusu kidonge, yaani miligramu 250. Kwa uzito wake hiyo ni kama miligramu 7 kwa kila kilo, wakati dozi inayotuliza ni 15. Bibi alikuwa na haki ya kusema kuwa dawa hiyo haimsaidii.

Kumuuliza mwenyewe

Kwenye faili lake la miaka mingi hapakuwa na mstari hata mmoja unaoonyesha kwamba Somoe mwenyewe aliwahi kuulizwa kama anaumwa. Maswali yote yalikwenda kwa bibi.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuja na huduma ya mkoba alichora umbo la mtu kwenye karatasi ya manila, mbele na nyuma, akapitisha kidole taratibu kuanzia kichwani. Somoe alitazama juu mara tatu: kinena cha kulia, kiuno kwa nyuma, na tumbo upande wa kushoto chini. Kisha akaonyeshwa nyuso sita zilizopangwa kuanzia isiyoumwa (0) hadi inayoumwa sana (10), kidole kikipita uso mmoja baada ya mwingine. Kinena wakati wa kuvalishwa: 8. Kiuno akiwa kwenye kiti: 6. Tumbo: 4. Zoezi zima lilimalizika kabla chai ya wageni haijachemka.

Ilipofika zamu ya kupima nyonga, mtaalamu alikunja paja la kulia taratibu na kuanza kulitanua. Somoe akacheka. "Huyu akifurahi ndivyo alivyo," bibi akasema. Binamu akakataa: "Hapana bibi, hapo anaumia. Akifurahi anacheka na macho. Hapo macho yamemtoka." Ndipo wote wakaangalia upya. Vidole vya mguu vilikuwa vimejikunja, shingo imelowa jasho, pumzi imeshikwa, na kicheko kilikuwa kikavu, cha kukatikakatika.

Vipimo vya maumivu vya kuangalia kwa macho hutoa alama 0 hadi 2 kwa uso, miguu, mwili, kilio na kubembelezeka, jumla 10. Kwa kijana mwenye mtindio wa ubongo havifai kutumika hivihivi, kwa sababu miguu iliyokaza na uso unaokunjamana ni hali yake ya kila siku. Kinachotakiwa ni kuongeza dalili za mtu huyo, zikitajwa na wanaoishi naye. Kwa Somoe ziliandikwa nne: kicheko kikavu, vidole vya mguu kujikunja, jasho la shingo, kushika pumzi. Karatasi hiyo ilibandikwa nyumbani na darasani.

Alivyokuwa akikabiliana na maumivu

Kwa msaada wa binamu, Somoe alieleza anachofanya anapoumwa. Orodha yake ndiyo iliyoongoza kazi yote iliyofuata.

Asubuhi za shule hakunywa maji wala uji. Akinywa atakojoa, akikojoa atabadilishwa, na kubadilishwa ndiko kunakomuumiza nyonga. Usiku alilala ubavu wa kushoto tu, magoti yote yakielekea upande mmoja, kwa sababu ndivyo nyonga ilivyotulia. Darasani, kiuno kikianza, alifanya fujo makusudi ili atolewe akalazwe kwenye mkeka. Maumivu mafupi aliyapitisha kwa kuhesabu au kuimba kimoyomoyo. Marefu aliyapitisha na redio, hasa mpira ukitangazwa. Na kwa bibi alinyamaza. Sababu aliitoa kwa maneno matatu yaliyochukua muda kutoka: "Mgongo wa bibi." Aliona kila akilalamika bibi humbeba tena, na usiku bibi naye hugumia.

Katika orodha hii hakuna ukorofi. Kila tabia iliyolalamikiwa na shule ilikuwa njia ya kupunguza maumivu, na kwa muda mfupi ilifanya kazi. Ila baadhi zilikuwa zinayarudisha maumivu kwa mlango mwingine. Kutokunywa maji kulikausha choo. Choo kigumu kilileta maumivu ya tumbo na kuzidisha mkakamao, na mkakamao ukavuta nyonga. Kulala ubavu mmoja miezi mingi kulisukuma paja la kulia kuelekea ndani, mkao unaochangia nyonga kutoka mahali pake.

Maamuzi na sababu zake

Tumbo lilishughulikiwa kwanza. Si kwamba liliuma kuliko vingine, bali lilikuwa rahisi, nafuu yake ingeonekana ndani ya siku chache, na familia ilihitaji kuona kitu kinabadilika. Alikuwa hajapata choo kwa siku sita, na kupakaa kwa choo chepesi kwenye nguo kulikuwa kumetafsiriwa kama kuharisha. Huo ni mtego wa kawaida: choo laini hupenya pembeni ya kile kilichoganda, na mtu akimpa dawa ya kuzuia kuharisha anaharibu zaidi. Kituo cha afya kilimsafisha kwanza, kisha akaanza laktulozi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 asubuhi na jioni. Alipangiwa lita moja na nusu hadi 1.8 za maji kwa siku, uji na mchuzi vikihesabiwa. Sehemu zenye shida ya maji hesabu hiyo si ndogo, kwa hiyo dumu la lita mbili lilitengwa kwa ajili yake peke yake. Kikombe cha plastiki kilikatwa ukingo upande wa puani ili anywe bila kuinua kidevu, maana kichwa kikienda nyuma ndipo anapopaliwa. Baada ya uji wa asubuhi alikalishwa dakika 10 hadi 15 kwenye kiti chenye tundu, miguu ikikanyaga tofali, kwa kuwa utumbo husukuma zaidi baada ya chakula. Mbaazi na papai vilikuwepo nyumbani, ila havikupewa kipaumbele mpaka maji yalipokaa sawa. Nyuzinyuzi bila maji huongeza tatizo.

Kuvutwa miguu kulisimamishwa siku hiyohiyo. Hili lilihitaji busara, kwa sababu mama mdogo alikuwa akifanya kwa mapenzi, na aliwahi kuonyeshwa na mtaalamu fulani miaka ya nyuma. Alipewa kazi nyingine badala ya kunyang'anywa kazi. Anampaka mafuta kama kawaida baada ya maji ya uvuguvugu, ananyoosha goti na kifundo taratibu, anasimama anapohisi ukinzani wa kwanza na kushikilia kwa sekunde 30 hadi 60 bila kurusharusha. Nyonga haitanuliwi kwa nguvu kabisa. Na Somoe akitazama chini, mikono inaachia, bila mjadala. Ishara hii ya kusimamisha haikugharimu chochote. Ndani ya wiki mbili alama ya kuvalishwa ilishuka kutoka 8 hadi 6 kabla dawa haijabadilishwa, na mtu anayejua kuwa anaweza kusimamisha hakazi misuli kabla hajaguswa.

Dawa zilipangwa upya na daktari. Parasetamoli miligramu 500, nusu saa hadi dakika 40 kabla ya kuoga na kuvaa, kisha tena jioni ikihitajika. Isizidi mara nne kwa siku, na kati ya dozi na dozi zipite saa zisizopungua sita. Bibi aliweka alama kwenye kalenda, na baada ya miezi miwili alama hizo zilionyesha jambo ambalo hakuna aliyeliwaza: usiku mbaya ulijirudia siku mbili kabla ya hedhi na siku yake ya kwanza. Siku hizo tu akaongezewa dawa nyingine ya maumivu, ibuprofeni miligramu 200 baada ya chakula, mara tatu, kwa sharti kwamba anakunywa maji vizuri. Diazepamu ilipunguzwa kidogokidogo, kwa kuwa dawa hiyo ikizoeleka na kukatwa ghafla inaweza kuamsha degedege, hasa kwa mwenye kifafa.

Baklofeni ilijadiliwa ikaahirishwa, na uamuzi huo unastahili kuelezwa. Dawa hii hulegeza misuli na wengi huisifu. Lakini nayo haikatwi ghafla, maana mgonjwa anaweza kupata mkakamao mkali, homa na degedege. Wakati huo upatikanaji wake karibu na kijiji haukuwa wa uhakika, na nauli ya kuifuata ilitegemea msimu. Kuanzisha dawa ambayo ikiisha katikati ya masika inageuka hatari lilionekana kosa kubwa kuliko kuchelewa kuianza. Isitoshe inaweza kulegeza kiwiliwili, na Somoe anakihitaji kiwiliwili hicho ili akae.

Kiti mwendo alichopewa kama msaada kilikuwa cha mtu mzima. Upana wa ndani ulikuwa sentimita 45 na nyonga zake zina 28. Kina kilikuwa 42, na kutoka tako hadi nyuma ya goti ana 38, kwa hiyo alisukumwa mbele na kukalia mgongo. Kitambaa cha kukalia kilikuwa kimelegea kama pembea, mapaja yakaangukiana katikati. Fundi seremala alikata plaiwudi ya milimita 12 na kuilaza juu ya fremu, juu yake sponji ngumu ya sentimita 5. Pembeni ziliongezwa sponji za kujaza upana, zikabaki sentimita 2 tu za nafasi. Nyuma iliongezwa ubao wenye sponji mpaka kina kikabaki 34, ili pabaki upenyo wa vidole viwili au vitatu nyuma ya goti. Mkanda ulifungwa juu ya mapaja, chini ya mifupa ya nyonga, ukivuta kuelekea chini na nyuma. Ukipita tumboni hauzuii kuteleza, unakaba tu. Kwenye sehemu ya kuwekea miguu kilipigiliwa kipande cha mbao kwa sababu nyayo zilikuwa zinaning'inia. Fundi cherehani alishona foronya mbili za kubadilisha. Shule nayo ikakubali kwamba kila baada ya dakika 45 atatolewa akae mkao mwingine, bila kusubiri afanye fujo.

Usiku alitolewa kwenye kitanda cha kamba kilichozama katikati, akawekewa godoro la sponji chini juu ya mkeka. Kanga zilizokunjwa ziliwekwa kati ya magoti na pembeni mwa mapaja. Kulala chali alikuchukia na hakulazimishwa: dakika 20 za mwanzo wa usiku redio ikiwa wazi, kisha anageuzwa anakotaka, mto ukiwa kati ya magoti. Chupa ya maji ya moto iliruhusiwa kwa masharti, kwa kuwa tayari alikuwa na kovu la kuungua kiunoni. Inafungwa kanga mara mbili, inajaribiwa ndani ya kiwiko cha mlezi, inawekwa juu au ubavuni kamwe si chini yake, na inaondolewa baada ya dakika 15. Yeye hawezi kujisogeza ikizidi.

Picha ya nyonga

Eksirei ilipigwa hospitali ya rufaa. Haja ya kwanza ilikuwa kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika, maana mifupa isiyobeba uzito, tena baada ya miaka ya kutumia fenobabitoni, huwa dhaifu, na paja linaweza kuvunjika wakati wa kuvalishwa tu. Hapakuwa na mvunjiko. Ila kichwa cha paja la kulia kilikuwa nje ya kikombe chake kwa asilimia 62, cha kushoto 28. Zaidi ya 30 huhesabiwa kuwa nyonga inatoka. Miongoni mwa wenye mtindio wa ubongo kwa jumla hali hii huwapata takribani theluthi moja, na kwa wa daraja la nne kama Somoe ni karibu saba kati ya kumi. Ndiyo sababu mtoto asiyetembea anatakiwa kupigwa picha ya nyonga mapema na kurudiwa, hata akiwa halalamiki. Somoe hakuwa amepigwa hata moja.

Alipewa rufaa ya daktari wa mifupa Dar es Salaam. Mjomba alisema wasubiri korosho ziuzwe. Hakuna aliyemlaumu: safari ni zaidi ya kilomita 500, mtu hasafiri peke yake na binti huyu, na afisa ustawi wa jamii alikuwa ameanza kushughulikia barua ya msamaha wa gharama.

Yaliyotokea baadaye

Baada ya miezi mitatu, kuvalishwa kulikuwa 4, kiti 2 kwa dakika 45 za kwanza, tumbo 0. Usiku aliamka mara moja au mbili. Shuleni alifika siku nne kwa wiki, na kuuma watu kuliisha.

Msimu wa korosho ulipofika, mengi yaliteleza. Bibi alishinda shambani kuokota, dumu la maji likawa halimaliziki, dawa ya asubuhi ikatolewa wakati wa kuvaa badala ya kabla. Kinena kilirudi 6. Mpango wote ulikuwa umewekwa kwenye mikono ya mtu mmoja mwenye mgongo mbovu, na hapo ndipo ulipovunjikia. Binamu alibeba kiasi fulani, lakini mtoto wa miaka 11 hawezi kumwogesha dada yake wa 16, wala haifai. Mama mdogo alipochukua zamu ya asubuhi hali ilitengemaa, ingawa si kufikia ya awali. Mpango wa namna hii kusini uandikwe na kalenda ya shamba mezani: nani yupo palizi, nani yupo msimu wa korosho.

Desemba hiyo liliibuka suala la unyago. Rika lake walishacheza zamani, yeye aliachwa kwa hofu kwamba ataumia. Somoe alitaka aingie. Wapo waliomshauri bibi akatae, na kwa hoja ya kitabibu peke yake wangekuwa na la kusema, kwani kukaa chini muda mrefu kungeharibu kazi ya miezi. Bibi aliketi na kungwi. Mambo ya ndani hayahusu maandishi haya, ila makubaliano ya nje yalikuwa wazi: atakaa kwenye kiti chake, atalazwa kila baada ya muda, dawa zitakwenda kwa saa zake, na ishara yake ya kusimamisha wataijua wote. Kwa siku hizo alama zake zilikuwa 4 hadi 5, juu kidogo ya kawaida. Alipoulizwa kama angerudia alitazama juu kabla swali halijaisha. Kijana aliyefungiwa nje ya kila jambo ana muda mwingi wa kusikiliza nyonga yake, na hilo wapimaji maumivu hulisahau.

Kilichofaa, kilichokwama

Kilichofaa zaidi ni kutonyang'anya njia za binti kabla ya kuzipatia mbadala. Angeambiwa "kunywa maji" bila kupunguziwa maumivu ya kubadilishwa, angeendelea kukataa, na angekuwa na haki. Kuimba na kuhesabu vilibaki kwa ajili ya maumivu mafupi kama kuvaa. Kwa ya kiuno yanayopanda kwa saa nzima havikusaidia, huko kinachosaidia ni kubadilishwa mkao. Kumpa redio kijana aliyekalishwa vibaya ni kumnyamazisha.

Mgongo wa bibi haukutibiwa mapema. Ubao wa kuhamishia, kipande cha plaiwudi laini cha sentimita 25 kwa 70 cha kutelezesha kutoka kitandani hadi kwenye kiti, ulikuja mwishoni wakati ungepaswa kuja wiki ya kwanza. Ulipofika, Somoe alianza kusema anapoumwa bila kusubiri aulizwe.

Nyonga yenyewe bado. Picha ya pili imepangwa miezi sita baada ya ile ya kwanza, na tarehe ya Dar es Salaam imepatikana. Somoe ameandika maswali yake kwa daktari kupitia binamu, nayo yameambatishwa na rufaa pamoja na karatasi ya dalili zake nne: Nikifanyiwa upasuaji nitakaa kwenye kiti bila kuumwa muda gani? Nitafungwa plasta wiki ngapi, na nani atanibadilisha? Nikisubiri mpaka nimalize mtihani wa darasa la saba, nyonga itaharibika zaidi? Nikisema sitaki, mtanipa nini?